Apnea: Kukata, Kukosa au Kusita?

Kifua cha mtoto njiti, kisichozidi upana wa kiganja, kinapanda na kushuka, kisha kinatulia. Mama anakitazama, anasubiri, hakipandi. "Nesi, mwanangu kakata roho!" Nesi anafika, anausugua wayo wa mtoto kwa kidole, na kifua kinaanza tena. "Hajakata roho, mama. Kajisahau tu kupumua."

Kwenye faili neno litakaloandikwa ni apnea. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kutokuwa na pumzi. Kwa madaktari wa vichanga, ni pumzi kusimama kwa sekunde 20 au zaidi, au hata kwa muda mfupi kuliko huo iwapo mapigo ya moyo yanapungua au mtoto anageuka rangi. Kichanga akitulia sekunde 5 hadi 10 kisha akaendelea, hiyo ni kawaida yake.

Tuiteje basi? "Kukata pumzi" kunapakana mno na kukata roho. "Kukosa pumzi" ni kwa aliyepanda mlima: anaitafuta, haimtoshi. "Kubanwa pumzi" ni kwa mgonjwa wa pumu, anayehangaika kwa sababu njia imekuwa nyembamba. Njiti wetu mara nyingi hahangaiki hata kidogo. Kifua kimetulia kwa sababu hakijapata amri, na amri hutoka kwenye shina la ubongo.

Mwaka 1991 Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walitangaza walichokiona kwa panya wachanga. Walikata kipande cha shina la ubongo, chembamba kisichofika milimita moja, wakakiweka kwenye maji ya chumvi yenye oksijeni. Mapafu hayakuwapo, wala mbavu. Hata hivyo, neva ya ulimi iliyobaki kwenye kipande hicho iliendelea kutoa mishindo ya umeme kwa mpangilio, kana kwamba panya bado anavuta pumzi. Ndani ya kipande hicho mlikuwa na kundi dogo la seli linalopiga mdundo wa kupumua. Waliliita pre-Bötzinger, nalo linapakana na eneo la Bötzinger, ambalo Feldman alikuwa amelipa jina la mvinyo wa Kijerumani uliokuwa mezani mkutanoni.

Mpiga mdundo huyo huanza kazi kabla ya kuzaliwa. Tumboni mtoto hupumua kwa mazoezi tu, kwa kuwa hewa yake huletwa na kondo la nyuma. Oksijeni ikipungua huko, ubongo huyasimamisha mazoezi, na ni busara: yanakula nguvu wala hayaleti chochote. Anayezaliwa kabla ya wakati hutoka na desturi hiyo. Oksijeni ikishuka, hupumua kwa kasi dakika moja au mbili, kisha pumzi hulegea ikawa chini kuliko ilivyoanza. Hata kabonidayoksaidi inapojaa mwilini, ambayo humfanya mtu mzima aheme, yeye huiitikia kwa unyonge.

Ndiyo maana napendekeza "kusita kwa pumzi". Anayesita hajaacha safari. Amesimama njiani na anaweza kuhimizwa. Tiba nayo ni kuhimiza. Kusugua wayo ni kuustua ubongo. Kafeini, ileile iliyomo kwenye kahawa, huzuia adenosini, kemikali inayoutuliza mdundo. Na kadiri wiki zinavyosonga, ubongo hukomaa: watoto wengi huacha kusita wanapofikia umri ambao wangekaribia kuzaliwa.

Istilahi hii pia inatupa nafasi ya kutenganisha mambo. Kuna apnea ambayo amri imetoka, kifua kinajitahidi, lakini koo limejikunja na hewa haipiti. Hiyo tuiite "kuzibwa kwa pumzi". Zikitokea zote mbili kwa pamoja, na kwa njiti hutokea sana, tuseme pumzi imesita na kuzibwa. Daktari atajua aanzie wapi: kwenye ubongo, au kwenye mkao wa shingo.

Na mama je? Akiambiwa pumzi ya mwanawe imekatika, atashika kichwa. Akiambiwa imesita, atausugua ule wayo huku akimwita nesi.