Padri Alexis Kagame, mwandishi wa gazeti na mtunza habari za kale



Kila yubile inatudai kuwauliza wazee. Nani alifyatua matofali ya kanisa la kwanza? Katekista gani alifundisha chini ya mti, kabla ya nyumba kujengwa? Vitabu vya ubatizo vinatunza majina na tarehe. Mengine yote yamo vichwani mwa watu, na watu wanakufa. Kwa hiyo tumeona vema kukumbusha hapa maisha ya padri mmoja wa inchi jirani ya Rwanda, aliyeshindana na kifo hicho cha maneno kwa muda wa miaka mingi.

Alexis Kagame alizaliwa tarehe 15 Mei 1912 huko Kiyanza, katika jamaa iliyokuwa karibu na baraza la mfalme. Alisoma seminari, akapewa upadri mwaka 1941. Misioni ya Kabgayi ilikuwa na gazeti lake, Kinyamateka, lililoanzishwa mwaka 1933 kwa lugha ya Kinyarwanda. Ndani ya jina hilo linasikika neno amateka, ndiyo habari za kale. Katika miaka ya 1940 Kagame alikuwa mwandishi wake mkuu. Nafikiri kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo vitabu vya filozofia havifundishi: kuandika kwa lugha ambayo mama wa kijijini anaielewa akisomewa. Hata alitunga shairi refu la kuchekesha juu ya nyama ya nguruwe, lililochapwa mwaka 1949, na watu walilipenda.

Lakini moyo wake ulikuwa kwa wazee. Katika baraza la Rwanda palikuwa na watunzi walioshika kwa kichwa mashairi ya kuwasifu wafalme, baba akimrithisha mtoto. Wengi walikuwa wamezeeka, na vijana waliosoma shuleni hawakutaka tena mzigo ule. Mfalme Mutara III Rudahigwa, rafiki yake, alimfungulia mlango. Kagame akaketi nao, akaandika mashairi zaidi ya mia moja. Kutoka katika hazina hiyo alitoa Inganji Kalinga, kwa Kinyarwanda, kitabu cha kwanza mwaka 1943 na cha pili mwaka 1947. Kalinga ni ngoma ya ufalme. Ufalme wenyewe ulifutwa mwaka 1961, kitabu kikabaki.

Palikuwa tena na ubwiru, maana yake desturi za siri za ufalme, zilizotunzwa na wazee wachache wa jamaa maalum. Kagame aliziandika kutoka vinywani mwao. Mwaka 1947 aliwaeleza wasomaji wa jarida Zaïre, huko Ubelgiji, kwamba siri hizo zipo, lakini maneno yake yenyewe hayakuchapwa wazi mpaka mwaka 1964. Mwandishi wa gazeti aliyejua kufunga mdomo: jambo la ajabu kidogo.

Sasa inafaa kusema pia upungufu wa kazi hiyo. Walioulizwa sana ni watu wa baraza. Basi historia ikajaa wafalme, vikosi na makundi ya ng'ombe. Mkulima wa mlimani, aliyelisha baraza lile, hakupata nafasi kubwa ya kusema. Tena Kagame alihesabu miaka ya wafalme wa kale kwa kufuata orodha zao na kupatwa kwa jua, na Jan Vansina alimpinga mwaka 1962, halafu tena mwaka 2001, akionyesha kwamba ufalme ule haukuwa wa kale namna hiyo. Ubishi huo si wa wataalamu peke yao. Katika inchi zetu za Maziwa Makuu, neno lililoandikwa juu ya nani alitangulia kufika limegeuka kuwa silaha mikononi mwa wanasiasa, na sisi wa Kongo tumelipa bei yake. Kosa la mwandishi haliishi siku moja kama gazeti.

Mwaka 1952 alichapisha kitabu juu ya sheria za utawala wa zamani wa Rwanda. Wakubwa wa Kibelgiji hawakukipenda, naye akapelekwa Roma. Huko hakukaa bure: alipata udaktari wa filozofia katika Univerisite ya Gregoriana, kwa kuchunguza mawazo yaliyofichwa ndani ya sarufi ya Kinyarwanda, kisha mwaka 1956 akaandika pamoja na mapadri weusi wenzake, kati yao Vincent Mulago wa Bukavu, katika kitabu kilichotoka Paris, wakijiuliza namna gani Injili iseme kwa sauti ya Afrika. Alirudi Rwanda mwaka 1958, akafundisha seminari, halafu univerisite ya kwao tangu 1963, na huku kwetu Lubumbashi vilevile.

Aliendelea kuandika mpaka mwisho. Alifariki kwa ghafla tarehe 2 Desemba 1981, akiwa safarini Nairobi.