Utafiti wa kijamii Goma: mbinu iliyozaliwa na dharura

Sensa ya mwisho ya taifa nchini Kongo ilifanyika mwaka 1984, nchi ikiitwa bado Zaire. Takwimu za wakazi wa Goma zilizotolewa tangu hapo ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio, na msomaji wa ripoti za kijamii kuhusu Kivu Kaskazini hana budi kuanzia hapo. Mbinu za utafiti zilizozoeleka mjini humo hazikuchaguliwa kwa utulivu wa chuo. Zilitokana na dharura, nazo zimeendelea kuamua maswali gani yaulizwe na kwa haraka gani. Ukoloni ulikuwa na njia nyingine: taasisi ya IRSAC, iliyoanzishwa 1947 na kuweka makao yake Lwiro karibu na Bukavu, iliwawezesha watafiti kama Jan Vansina kwa Wakuba wa Kasai na Jacques Maquet nchini Rwanda kukaa na jamii moja kwa muda mrefu. Utafiti ule ulikuwa na kasoro zake, hasa ile ya kuwapanga watu katika makabila yenye mipaka mikali kuliko maisha yao. Haraka haikuwa mojawapo.

Katikati ya Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka na kuijaza Goma kwa siku chache, kipindupindu kikawakuta juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo maji ni haba na kaburi halichimbiki kwa jembe. Maiti zililazwa kando ya barabara, malori yakazikusanya, na hesabu ya malori ikawa takwimu ya kwanza. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko waliochapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 1995 waliilinganisha na dodoso za kaya kutoka kambi za Katale, Kibumba na Mugunga. Walipata vifo karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza, yaani 20 hadi 35 kwa siku kwa kila watu 10,000. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo wakimbizi wenyewe walikadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000: waliokufa walijulikana idadi yao vizuri kuliko waliokuwa hai. Dodoso fupi, kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, swali la nani amekufa tangu tarehe fulani. Mbinu hiyo ilibaki mikononi mwa mashirika hata baada ya kambi kuvunjwa mwaka 1996.

Shirika la misaada la International Rescue Committee liliitumia mashariki mwa Kongo kuanzia mwaka 2000, na Januari 2008 likatangaza kwamba tangu Agosti 1998 watu milioni 5.4 walikuwa wamekufa kupita kiwango cha kawaida, wengi wao kwa maradhi yanayotibika, si kwa risasi. Lakini wangekufa wangapi kama vita visingekuwepo? Shirika lilichukua wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, vifo 1.5 kwa mwezi kwa kila watu 1,000. Watafiti wa Human Security Report nchini Kanada walijaribu 2.0, wakisema nchi hii ilikuwa fukara kupita wastani huo hata kabla ya vita, na vifo vya ziada vya mwaka 2001 hadi 2007 vikashuka kutoka karibu milioni 2.8 hadi chini ya milioni 1. Mtu atauliza: je, hao hawatoshi? Wanatosha, na bila tarakimu kubwa pengine dunia isingegeuza shingo. Ila watu karibu milioni 2 kuingia au kutoka katika hesabu kwa uamuzi wa mezani ni udhaifu ambao hautibiki kwa kuongeza idadi ya kaya zinazohojiwa.

Dharura ilichagua pia maswali. Bei ya madini ya koltani ilipopaa mwishoni mwa 2000, wengi wa nje waliuliza jinsi madini yanavyogharimia vita. Pole Institute, taasisi ya Goma yenyewe, iliuliza jinsi koltani ilivyobadilisha maisha ya watu wa Kivu Kaskazini. Ripoti yake ilitoka Januari 2002, mwezi uleule lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, na Goma ikiwa makao makuu ya waasi wa RCD. Kwa hiyo dai kwamba vita haviruhusu maswali ya kina halina nguvu kama linavyosikika. Hata hivyo swali la nje ndilo lililoshinda. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kipengele kuhusu madini ya vita ya Kongo, na Septemba ya mwaka huo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Wachimbaji wadogo ndio walioumia. Mwaka 2012 mtafiti Séverine Autesserre alionyesha jinsi simulizi tatu, madini kuwa chanzo, ubakaji kuwa tokeo na dola kuwa dawa, zilivyofunika ugomvi wa ardhi na madaraka vijijini.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kuwaachia wenyeji maswali ni kwamba mtafiti mwenyeji ana upande. Katika Masisi, ambako Wabelgiji walihamishia Wanyarwanda kati ya 1937 na 1955, jina la mtu huweza kumtambulisha upande wake kabla hajafungua daftari. Ni kweli, lakini mgeni naye hufika Masisi kwa mkono wa mtu huyohuyo, anayejua nani aamkiwe kwanza, anayefasiri Kihunde na Kinyarwanda, na anayebaki mwenzake akipanda ndege. Upande wa mwenyeji huyo haukuondoka. Umefichwa tu chini ya jina la mwingine. Maandiko ya Bukavu Series, ya watafiti wa Bukavu na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ghent, yameyasema hayo waziwazi: ujira usiolingana na hatari, majina yasiyoonekana kwenye jalada. Ni rahisi kuyasoma kama madai ya malipo. Mimi nayasoma kama hoja ya mbinu: ikiwa msaidizi ndiye aliyeamua kijiji kipi kinafikika na jibu lipi ni la kumridhisha mgeni tu, kumwacha nje ya sura ya mbinu ni kuficha sehemu ya ushahidi, sawa na kuficha ukubwa wa sampuli.