Nani Aruhusiwe Kuzungumza na Nani: Historia ya Kuunganisha Mifumo ya Ujumbe na Sauti baina ya Taasisi, 1865–2024

1.0 Utangulizi

Mtumishi wa shirika moja anapotaka kumwandikia mwenzake wa shirika jingine ujumbe wa papo hapo, au kuzungumza naye kwa sauti kupitia kompyuta ya ofisini, kikwazo chake cha kwanza siku hizi si waya. Waya upo, na mashine za pande zote mbili zina uwezo wa kupeleka sauti hadi upande wa pili wa dunia. Kikwazo ni kwamba mfumo wa shirika la kwanza haukubali kuutambua mfumo wa shirika la pili. Kwa sababu hiyo, mtumishi huyo hulazimika kufungua akaunti nyingine kwa mwenye mfumo wa pili, au kurudi kwenye barua pepe na simu ya kawaida, ambazo ni njia kongwe lakini humfikia karibu kila mtu.

Insha hii inachunguza namna hali hiyo ilivyojengeka kihistoria. Maelezo yaliyozoeleka hudai kwamba mifumo hushindwa kuungana kwa sababu ya upungufu wa itifaki, yaani kanuni za pamoja ambazo mashine hufuata zinapowasiliana. Hoja inayotetewa hapa ni tofauti. Itifaki zilipatikana mapema, mara nyingi zaidi ya moja. Kilichoamua hatima ya muungano ni uwiano wa ukubwa baina ya wamiliki wa mitandao wakati muungano ulipoanza na, pale uwiano huo ulipokosekana, ni nguvu ya sheria. Hoja hii inapimwa kwa kutumia telegrafu, simu, barua pepe, na mifumo ya ujumbe na sauti ya ofisini.

2.0 Telegrafu na Mipaka ya Dola

Lugha ya Kiswahili yenyewe inahifadhi kumbukumbu ya hatua ya kwanza ya historia hii. Neno simu, lenye asili ya Kiajemi kwa maana ya waya, lilitumika kwa telegrafu kabla ya kutumika kwa chombo cha kuzungumzia. Aliyepiga simu enzi hizo alikuwa amepeleka taarifa ya maandishi. Katika Ulaya ya kati ya karne ya 19, taarifa ya namna hiyo ilikwenda kwa kasi ya umeme hadi mpakani, kisha ikasimama. Karani wa dola moja aliiandika kwenye karatasi na kuikabidhi kwa karani wa dola jirani, ambaye aliituma upya kwa mashine na kanuni za nchi yake. Mikataba ya nchi mbilimbili na ya kikanda ilipunguza usumbufu huo bila kuuondoa.

Tarehe 17 Mei 1865 nchi 20 zilitia saini mjini Paris Mkataba wa Kimataifa wa Telegrafu, ambao ndio chimbuko la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano wa leo. Mkataba huo ulikubali alfabeti ya Morse kuwa kipimo cha pamoja, ulipanga nauli kwa kutumia faranga ya dhahabu, na ulitambua haki ya kila mtu kutumia telegrafu ya kimataifa. Ikumbukwe kwamba waliokubaliana walikuwa hasa dola, kila moja ikitawala mtandao wa ndani ya mipaka yake. Hakuna iliyoweza kuumeza mtandao wa jirani kwa kumfungia mlango, hivyo kufunga mlango hakukuwa na faida. Kebo ya baharini ilipofika Zanzibar mwaka 1879 kutoka Aden, na kuendelea hadi Msumbiji na Durban, iliingia katika utaratibu uliokwisha kukomaa. Mfanyabiashara wa Zanzibar aliweza kuwasiliana na Bombay au London bila kujali taarifa yake ilipita mikononi mwa nani. Nauli ilikuwa kubwa, lakini mlango ulikuwa wazi.

3.0 Simu ya Sauti na Ahadi ya Kingsbury

Simu ya sauti nchini Marekani ilifuata njia nyingine. Hataza za Alexander Graham Bell zilipokwisha muda mwaka 1893 na 1894, maelfu ya kampuni huru ziliibuka, hasa katika miji midogo na vijijini. Kufikia mwaka 1907 kampuni hizo zilikuwa na karibu nusu ya simu zote nchini humo. Hata hivyo, mfumo wa Bell, uliomilikiwa na AT&T, ulikataa kwa jumla kuunganishwa na washindani wake. Mwenye duka aliyetaka kuwafikia wateja wote wa mji wake alilazimika kulipia simu mbili za kampuni mbili, zikiwa zimewekwa juu ya meza moja.

Teknolojia ya pande zote mbili ilikaribiana kiasi cha kuunganishika. Kilichozuia ni hesabu ya kibiashara: mwenye waya za masafa marefu alijua kwamba upekee wa waya hizo ndio uliowavuta wateja kwake. Mabadiliko yalikuja kutokana na shinikizo la sheria ya kuzuia uhodhi. Tarehe 19 Desemba 1913 Nathan Kingsbury, makamu wa rais wa AT&T, aliiandikia Serikali ya Marekani barua ya ahadi. Kampuni ilikubali kuuza hisa zake katika Western Union, kutonunua kampuni shindani bila idhini, na kuziruhusu kampuni huru kutumia waya zake za masafa marefu kwa masharti ya kiufundi na malipo.

Wanahistoria hawana budi kuisoma barua hiyo kwa makini. Haikuilazimisha AT&T kuunganisha simu za mji mmoja, mahali ambapo ushindani ulikuwa mkali zaidi. Muungano uliotokana na shinikizo ulifika pale shinikizo lilipofika, na ukakoma hapo. Mwelekeo huo unajirudia baadaye.

4.0 Barua Pepe: Muungano Usio na Amri

Barua pepe ndiyo mfano unaoonekana kuipinga hoja ya insha hii, kwa kuwa iliungana duniani kote bila sheria kuamuru. Itifaki yake kuu, SMTP, ilichapishwa na Jon Postel mwezi Agosti 1982. Miaka miwili baadaye, mwaka 1984, chombo cha viwango cha mashirika ya simu ya kimataifa kilitoa itifaki pinzani iliyoitwa X.400. Hiyo ya pili ilikuwa na uzito wa serikali na kampuni kubwa za simu nyuma yake, na ilipangwa kwa undani zaidi. Iliyoenea ni ile ya kwanza.

Ufafanuzi unapatikana katika mazingira ya kuanza kwake. SMTP ilizaliwa miongoni mwa vyuo vikuu na maabara za utafiti, ambapo hakuna taasisi moja iliyokuwa na watumiaji wengi kiasi cha kunufaika kwa kujitenga. Anwani yake ilibeba jina la mtu na jina la kikoa cha taasisi yake, hivyo kila taasisi ilijiendeshea seva yake na kumpokea yeyote aliyebisha hodi. Huduma za kibiashara kama MCI Mail na CompuServe zilipojiunganisha na intaneti mwaka 1989, zilikuta jamii iliyokwisha kuwa kubwa. Kubaki nje kungewaumiza wateja wao wenyewe. Kwa hiyo, barua pepe haiipingi hoja, bali inaifafanua: sheria si lazima pale ambapo hakuna mwenye nguvu za kutosha kufunga mlango.

5.0 Ujumbe wa Papo Hapo Waingia Ofisini

Ujumbe wa papo hapo ulianza kinyume kabisa cha barua pepe. Kampuni ya AOL ilikuwa na programu ya AIM tangu mwaka 1997, na mwaka 1998 ilinunua ICQ, hivyo ikawa na watumiaji wengi kuliko mshindani yeyote. Mwezi Julai 1999 Microsoft ilitoa MSN Messenger iliyoweza kuwafikia watumiaji wa AIM. AOL iliizuia kwa hoja ya usalama na faragha. Microsoft ikarekebisha programu yake. AOL ikazuia tena. Mvutano huo ulirudiwa mara kadhaa kabla ya Microsoft kuacha. Mwezi Januari 2001, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu AOL kuungana na Time Warner kwa sharti lililohusu huduma za juu za ujumbe, zikiwemo za video, na si ujumbe wa kawaida uliokuwa kiini cha mgogoro. Sharti hilo nalo liliondolewa mwaka 2003.

Wakati huohuo itifaki zilikuwa tayari. Jeremie Miller alitangaza Jabber mwaka 1999, na kufikia Oktoba 2004 itifaki yake ilikuwa imekubaliwa rasmi kwa jina la XMPP. SIP, inayoanzisha mazungumzo ya sauti na ujumbe, ilichapishwa mwaka 1999 na kuboreshwa mwaka 2002. Zote mbili zilifuata mfano wa barua pepe: jina la mtu, kisha kikoa cha taasisi yake.

Katika ofisi, Microsoft ilitumia SIP kwenye Live Communications Server. Toleo la mwaka 2005 liliruhusu mashirika mawili kuunganishwa: msimamizi wa kila upande alisajili kikoa cha mwenzake, na seva mbili zilitambuana kwa vyeti vya kielektroniki kabla ya kupitisha ujumbe. Matoleo yaliyofuata yaliwezesha seva kumtafuta mwenzake katika mfumo wa majina ya vikoa bila usajili wa awali. Mwaka huohuo wa 2005 ilipatikana leseni ya kulipia iliyowaunganisha watumishi wa ofisini na watumiaji wa AOL, Yahoo na MSN. Mlango uliofungwa mwaka 1999 kwa hoja ya usalama ulifunguliwa kwa malipo.

Kwa upande wa Google, huduma ya Google Talk ilianza mwaka 2005 na kufunguliwa kwa seva nyingine za XMPP mwezi Januari 2006. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilileta Hangouts, ambayo haikuendeleza muungano huo. Slack nayo ilifunga njia zake za XMPP na IRC mwezi Mei 2018. Mifano hii inaonesha udhaifu wa muungano wa hiari: anayekaribisha kwa ukarimu anaweza kuondoa mkeka wakati wowote, na mgeni hana pa kulalamika.

6.0 Sauti: Namba na Wenye Namba

Muungano wa sauti ulikwama zaidi ya ule wa maandishi. Mashirika mawili yenye simu za intaneti yaliendelea kupigiana kupitia mtandao wa simu wa umma. Sauti ilitoka ikiwa ya kidijitali, ikabadilishwa ili ipite kwa kampuni ya simu, kisha ikabadilishwa tena upande wa pili. Mwaka 2000 ilipendekezwa itifaki ya ENUM, iliyokusudia kuziweka namba za simu katika mfumo wa majina ya vikoa ili seva zifikiane moja kwa moja. Haikuenea. Namba zilitolewa na kusimamiwa kupitia kampuni zilezile zilizopata mapato kwa kupitisha simu, na orodha ya namba iliyo wazi kwa umma iliwatia watu hofu ya kusumbuliwa.

Hata hivyo, mtandao wa umma wenyewe uliendelea kumfikia kila mtu kwa sababu sheria iliamuru. Nchini Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inawataka wenye leseni za mitandao kuunganisha mitandao yao. Wajibu wa namna hiyo haukuzifuata programu za ujumbe zilipochukua nafasi ya simu.

7.0 Kurudi kwa Sheria

Umoja wa Ulaya ulijaribu kuziba pengo hilo kwa Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya mwaka 2022. Kifungu cha 7 kinazitaka huduma za ujumbe za kampuni zilizotangazwa kuwa walinzi wa lango ziungane na huduma ndogo zinazoomba. Mwezi Septemba 2023 WhatsApp na Messenger zilitajwa, na wajibu ukaanza Machi 2024. Utekelezaji umepangwa kwa hatua: kwanza ujumbe wa watu wawili, kisha makundi ndani ya miaka miwili, na simu za sauti na video ndani ya miaka minne tangu kutajwa. Mifumo ya ofisini kama Teams haikutajwa. Kama ilivyokuwa mwaka 1913, sheria iligusa sehemu moja ya mtandao na kuiacha nyingine.

Wapinzani wana hoja ya kuheshimiwa. Barua pepe, kwa kumpokea kila abishaye hodi, ilifungua njia kwa barua taka na utapeli. Aidha, ni vigumu kulinda usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho pale ujumbe unapovuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Hoja hizi zinaonesha kwamba muungano una gharama. Hazioneshi kwamba anayestahili kupanga gharama hiyo ni mwenye mtandao mkubwa peke yake.

8.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonesha njia mbili za muungano uliodumu: ule ulioanza kabla hapajawa na mkubwa wa kuuzuia, kama barua pepe, na ule uliowekewa wajibu wa kisheria, kama mitandao ya simu. Muungano uliotegemea hiari ya mwenye nguvu ulidumu kadiri masilahi yake yalivyoruhusu. Suala hili linawagusa zaidi walio wadogo: ofisi ya watu watano, shule au chama cha ushirika hakiwezi kumlazimisha mteja mkubwa abadili mfumo, bali hulipia mfumo wa kila anayefanya naye kazi, kama mwenye duka yule wa zamani na simu zake mbili. Kwa watafiti wa sera za mawasiliano, funzo ni kwamba swali la itifaki ipi itumike lisitangulie swali la nani ana mamlaka ya kufunga mlango, na nani anaweza kumtaka aufungue.