Kabla ya Google Maps Kulikuwa na Kivoi

Kila Desemba ikikaribia, simu yangu hujaa mipango ya watu wanaotaka kuendesha gari kutoka Nairobi hadi Cape Town. Naipenda hiyo ndoto, na mimi mwenyewe nimeanza kuchanga pesa. Kinachonikera ni maneno yanayofuata kila mara: ati safari ndefu za barabara ni mambo ya wazungu, ati sisi tunajua tu kwenda ushago na kurudi. Mtu wa Kitui au Makueni akiandika hivyo nashindwa hata nimjibu nini. Watu wa kwao walikuwa wanapanga safari za majuma kadhaa kabla barabara yenyewe haijakuwako.

Shuleni hii habari ilipita mbio kama basi la usiku. Wakamba walifanya biashara ya masafa marefu, taja sababu tano, taja matokeo matano, mtihani, kwisha. Hakuna aliyetuambia walikuwa wanapangaje. Na kwangu hapo ndipo kuna utamu.

Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeishi Rabai miaka ya 1840, aliandika kwamba Wakamba walienda bara kutafuta pembe za ndovu kwa misafara ya watu 200 hadi 300. Hebu fikiria. Wewe na marafiki watatu mnashindwa kukubaliana nani atakaa kiti cha mbele. Hawa ni watu 300, kwa miguu, na mizigo begani. Kutoka Kitui hadi Mombasa ni kama kilomita 350 ukinyoosha tu kama ndege, na sehemu kubwa ni nyika kavu.

Shida ya kwanza ni maji. Mtu wa Ukambani anajua mto ukikauka juu haujakufa, maji yako chini ya mchanga. Unachimba kwa mikono, unangoja kidogo, unateka. Mto Tiva huko Kitui watu wanauchimba hivyo mpaka leo, na mabwawa ya mchanga yanayojengwa Kitui na Makueni yanatumia ujuzi huo huo, ila sasa yana saruji. Halafu kuna Yatta, ule uwanda mrefu uliotokana na lava, unaonyooka karibu kilomita 300 kuelekea Pwani na Mto Athi ukiufuata kando. Ukiangalia ramani unaona kabisa kwa nini msafara ungepita huko. Njia yao ilienda maji yanakoenda.

Shida ya pili ni nani anaongoza. Wakamba walikuwa na cheo cha mũthiani, kiongozi wa safari, uwindaji au vita. Huyo hakuchaguliwa kwa sababu ana gari kubwa. Ilibidi awe ameenda akarudi, na watu wake wamerudi naye.

Mizigo nayo ilikuwa na hesabu yake. Kwa majirani walipeleka minyororo ya chuma, sumu ya mishale na tumbaku. Pwani walipeleka pembe, wakarudi na shanga, chumvi, waya za shaba na kitambaa cha merikani, ambacho kiliitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani kweli. Yaani kijiji cha Kitui kilikuwa kinavaa pamba iliyofumwa Massachusetts kabla reli haijafika. Sitaki kuipamba hii biashara lakini. Kila pembe ilikuwa ndovu aliyeuawa, na karne hiyo hiyo njia za kwenda Pwani zilipitisha pia watu waliouzwa. Ukisimulia sifa za misafara bila hilo, unadanganya.

Ila jambo ambalo naona mipango yetu ya leo imelisahau kabisa ni watu. Kitui mvua haiaminiki, kwa hivyo njaa ikija watu walienda kwa majirani kubadilisha mali kwa chakula. Kikamba kinaita kuthuua. Katika safari hizo za njaa ndipo walipata marafiki, wakwe na ndugu wa kuapizana, na biashara kubwa ikaja kupita kwa watu hao hao. Wengine walihamia kabisa karibu na Pwani. Wakamba wa Rabai na Kwale wako huko mpaka sasa. Msafara ukishuka kutoka bara haukuwa unafika ugenini.

Susu yangu wa Mutomo bado anapanga safari hivyo. Ukimwambia unaenda Mombasa, haulizi unaenda na gari gani. Anauliza, “Kwa nani?” Ukisema hoteli, anakuangalia kwa huruma.

Mwenye watu kuliko wote alikuwa Kivoi wa Kitui. Huyu alijulikana hadi Mombasa. Krapf alitoka Rabai mapema Novemba 1849 na kufika kwake kabla mwezi haujaisha, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya kwa mbali. Vitabu vinampa Krapf sifa ya Mzungu wa kwanza kuuona. Sawa, lakini Kivoi ndiye aliyekuwa amemwambia uko, na jina ambalo Krapf aliandika lilitoka mdomoni mwa Wakamba. Jina la nchi yetu limepita hapo.

Mwaka wa 1851 Krapf alirudi, wakaondoka pamoja kuelekea Mto Tana. Agosti, karibu na mto, msafara ulivamiwa. Wengi walikimbia, Kivoi akauawa. Krapf akabaki peke yake porini, hana chakula wala mtu. Alijaza maji kwenye mtutu wa bunduki na kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake, akaziba kwa nyasi. Alipofika Ukambani, jamaa za Kivoi walimwona ana makosa: umeenda na mwenyeji wako, mbona umerudi bila yeye? Ilibidi atoroke usiku. Mimi siwalaumu sana. Kwao, mgeni na mwenyeji walikuwa na deni kwa kila mmoja, na deni hilo halikuisha kwa sababu mishale imeanza kurushwa.

Baadaye misafara ya watu wa Pwani ilianza kuingia bara yenyewe, na nafasi ya Wakamba ikapungua. Halafu reli ikapita Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na safari ya majuma ikawa ya tiketi.

Sasa turudi kwa Cape Town. Karatasi tunazijua: pasipoti, cheti cha homa ya manjano, kadi ya njano ya COMESA ya bima, fomu za forodha za gari. Namanga, Tunduma, kisha daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021, ukivuka uko Botswana. Kwenye jedwali letu la safari nimeongeza safu moja, nimeiita “Kwa nani?” Arusha tuna binamu. Mbeya kuna dada tuliyesoma naye. Kuanzia Lusaka kwenda chini safu iko tupu.

Kama una mtu Lusaka, niandikie.