Waliongoja Usambiro

Mhariri wa jarida letu ameniomba habari ya kale ya Masumbwe na majirani zake, akasisitiza isiwe habari ya dhahabu. Basi nimechagua Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, ambako baina ya mwaka 1887 na 1890 watu wachache waliishi wakimtumaini Mungu bila kujua mambo yao yataishaje. Tulipokuwa wanafunzi tulikariri habari za mashahidi wa Uganda. Hawa waliongoja upande wetu wa ziwa tuliwapita mbio.

Asili ya mambo ilikuwa Buganda. Tarehe 31 Januari 1885, chini ya Kabaka Mwanga, vijana watatu wa misheni ya Kiprotestanti walichomwa moto. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington akauawa Busoga, na tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa waumini wengi huko Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Huyo Hannington alikwisha kufika pande zetu: mwaka 1882 aliugua sana huko Msalala, akalazimika kurudi Uingereza, kisha akaja tena akiwa askofu. Parker, aliyemrithi, hakuiona Buganda kabisa. Alifariki Usambiro Machi 1888, wiki mbili tu baada ya mwenzake Blackburn kufia hapo hapo.

Aliyewazika wote wawili alikuwa Alexander Mackay, Mskoti, mhandisi kwa elimu yake, aliyekuwa Buganda tangu 1878. Mwanga alipomtaka aondoke, Julai 1887, alivuka ziwa akajenga katika nchi ya Mtemi Makolo. Huko hakukaa akitazama maji. Alijenga nyumba, akakata mbao za boti, akahangaika na mtambo wa mvuke wa kuiendesha, na wakati huo huo akatafsiri Injili kwa Kiganda na kuichapa. Napenda jambo hilo kuliko hotuba zake zote. Mtu anapanga herufi za chuma moja moja, kwa ajili ya wasomaji ambao hana hakika kama bado wako hai!

Septemba 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa, na mwezi uliofuata watawala wapya wakawafukuza wamisionari wote. Mapadri Weupe na wale wa CMS, waliokuwa wamebishana miaka mingi mbele ya Kabaka, walijazwa katika mashua moja, Eleanor. Njiani kiboko aliitoboa, na watoto kadhaa waliokuwa wakisafiri nao wakazama. Waliosalia walifika kusini. Waprotestanti walikaa Usambiro, Wakatoliki Bukumbi, ambayo leo imo wilayani Misungwi.

Na huko Bukumbi akaja nani kubisha hodi? Mwanga! Alikuwa amekimbilia Magu kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, asipate raha, akaomba hifadhi kwa mapadri. Walimpokea. Miongoni mwao alikuwemo Padri Lourdel, aliyewafundisha dini baadhi ya wale waliochomwa Namugongo. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na jaribio kubwa kuliko yote. Kumsamehe adui aliyekwisha tubu si kazi nyepesi, lakini huyu alikuwa hajaonyesha toba yoyote ya kuaminika, na hakuna aliyejua kama akirudishiwa kiti chake hatawasha moto tena. Walimlisha hivyo hivyo.

Mwishoni mwa Agosti 1889 Stanley alipita Usambiro na msafara wake, akapumzika karibu wiki tatu. Alimsihi Mackay waende wote pwani. Viongozi wa CMS nao walikwisha kumtaka apumzike kwao, maana tangu aje Afrika mwaka 1876 hakuwa amerudi hata mara moja. Akakataa kuondoka kabla hajapatikana wa kushika nafasi yake. Tarehe 8 Februari 1890 homa ilimuua, akiwa na umri wa miaka 40, yaani mdogo kuliko wengi wetu tutakaokutana mwaka huu. Hakujua hata kwamba mbu ndiye adui yake. Ross alilithibitisha jambo hilo mwaka 1897.

Mwezi huo huo wa Februari Wakristo wa Buganda walimshinda kabisa Kalema, na Mwanga akakalia kiti chake. Mackay hakuisikia habari hiyo.

Hapa wahubiri wengi husema: tazameni, Mungu alijibu! Mimi husita. Ushindi ule ulipatikana kwa bunduki. Julai 1890 Wajerumani na Waingereza waligawana ziwa bila kumwuliza mtemi yeyote. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti, wale wale waliopanda mashua moja, walipigana vita huko Mengo. Kama imani ya watu wa Usambiro itapimwa kwa matokeo, basi tuamue matokeo ya mwaka gani. Wao walimtumaini Mungu mwenyewe, si mwisho mzuri wa kisa.

Jambo hili si la Wazungu wa kale tu. Oktoba 2015 mgodi mdogo wa Nyangalata, katika Msalala ile ile alikougulia Hannington, uliporomoka ukawafukia wachimbaji sita. Juu, watu walikwisha kukata tamaa. Siku ya 41 watano walitolewa hai, baada ya kuishi kwa mizizi, wadudu na matone ya maji. Nchi nzima ilimshukuru Mungu, na ilistahili. Lakini wa sita alifia kule chini, na katika shukrani zetu hutajwa kwa nadra. Ni nani awezaye kusema kwamba yeye alimwomba Mungu kidogo kuliko wenzake?

Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilihamishiwa Namirembe, Kampala. Wale watoto wa Eleanor wangali ziwani. Ama Mapadri Weupe, mwaka 1891, sotoka ikiteketeza ng'ombe nchi nzima, walifungua misheni ya Ushirombo, jirani zetu kabisa hapa Usumbwa. Hiyo nitaiandika katika toleo lijalo, mhariri akinipa nafasi.