Ufadhili wa Kesi za Biashara na Mtu wa Tatu

Ufadhili wa kesi na mtu wa tatu ni makubaliano ambayo mtu au kampuni isiyohusika na mgogoro hulipa gharama za kesi ya mdai, kwa sharti la kupata sehemu ya fidia mdai akishinda. Mdai akishindwa, mfadhili hupoteza fedha zake na hana wa kumdai. Hapo ndipo ufadhili unapoachana na mkopo, kwa kuwa mkopo hulipwa kesi iwe imekwendaje. Fedha za mfadhili hulipia mawakili, mashahidi wataalamu, ada za mahakama au za wasuluhishi, na pengine bima ya gharama za upande wa pili. Mpango huu umewafikisha mahakamani wadai ambao wasingefika, lakini umeleta pia swali gumu: kesi ikishalipiwa na mwingine, inabaki ya nani?

Asili ya katazo

Katika Uingereza ya zama za kati, mabwana wenye nguvu waliwagharimia watu kesi za ardhi ili baadaye wagawane nao ardhi hiyo. Tendo hilo lilihesabiwa kuwa kosa, na jina lake lilitokana na maneno yenye maana ya kugawana shamba. Sheria ya Westminster ya 1275 iliwakataza maofisa wa mfalme biashara hiyo, na kwa karne nyingi mikataba ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa batili. Mwaka 1967 kosa hilo lilifutwa England na Wales, ila mahakama zikabakiziwa uwezo wa kuukataa mkataba unaokwenda kinyume na maslahi ya umma.

Nchi nyingine zilifuata njia zao. Mwaka 2006, katika kesi ya Fostif, Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba mfadhili kutafuta faida si matumizi mabaya ya mahakama. Singapore na Hong Kong zilitunga sheria za kuruhusu ufadhili katika usuluhishi mwaka 2017. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Ireland, katika kesi ya Persona, ilisema katazo la zamani bado linasimama.

Nani anaamua

Tuseme mdai anadai dola milioni 30. Mfadhili ametoa milioni 3, na mkataba unampa mara tatu ya alichotoa kabla mdai hajagusa kitu. Upande wa pili ukitaka kuyamaliza leo kwa milioni 10, mfadhili atachukua 9 na mdai 1. Wa kwanza ana kila sababu ya kukubali, wa pili ana kila sababu ya kukataa. Katikati yao yupo wakili, ambaye ankara zake zinalipwa na mfadhili lakini utii wake ni kwa mdai.

Mvutano huweza pia kuwa kinyume chake, mdai akitaka kumaliza na mfadhili akikataa. Kampuni ya chakula ya Sysco ya Marekani ilipata takriban dola milioni 140 kutoka kwa Burford Capital, iliyoanzishwa 2009, kwa ajili ya kesi dhidi ya wauzaji wa nyama waliodaiwa kupanga bei. Sysco ilipotaka kumaliza baadhi ya madai, Burford iliona kiasi ni kidogo mno na ikapata amri ya wasuluhishi ya kuizuia. Mwaka 2023 pande hizo zilikubaliana madai yahamishiwe kampuni tanzu ya Burford. Ndiyo maana kanuni bora humwachia mdai neno la mwisho juu ya mapatano.

Mgawo wa fidia

Wasimamizi 555 wa matawi ya posta Uingereza waliishtaki Post Office baada ya mfumo wa kompyuta wa Horizon kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Therium iliwafadhili. Desemba 2019 kesi ilimalizwa kwa pauni milioni 57.75, na baada ya gharama na sehemu ya mfadhili, wadai walibakiwa na takriban milioni 12, yaani kama pauni 20,000 kila mmoja. Wapo waliokuwa wamepoteza nyumba. Hata hivyo Alan Bates, aliyewaongoza, ameutetea ufadhili hadharani, kwa kuwa bila huo kesi isingesikilizwa. Maneno yote mawili ni kweli, na sheria yoyote nzuri lazima iyabebe pamoja.

Gharama za upande wa pili

Katika mfumo wa Uingereza, mdaiwa aliyeshinda hudai gharama zake, na mdai aliyefadhiliwa huenda hana kitu. Katika kesi ya Arkin ya 2005, mfadhili alikuwa ametoa pauni milioni 1.3 na wadaiwa wametumia karibu milioni 6. Mahakama ya Rufani ya England ilimtaka alipe kwa kiwango cha alichotoa. Mwaka 2020 mahakama hiyo ilifafanua kwamba kikomo hicho si cha lazima katika kila kesi. Kesi ya Excalibur, ya dola bilioni 1.6 kuhusu visima vya mafuta vya Kurdistan, ilianguka yote, na wafadhili wakaamriwa kulipa gharama kwa kiwango cha juu. Hukumu ya rufani ya kesi hiyo, ya 2016, ilieleza pia kwamba mfadhili kuichunguza kesi kwa makini si kuiingilia.

Uwazi na Afrika

Msuluhishi hawezi kujua kama ana mgongano wa maslahi ikiwa hajui nani analipa. Kanuni za ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, zinazotumika tangu Julai 2022, zinataka jina la mfadhili litajwe.

Jambo hili linaigusa Tanzania. Baada ya mageuzi ya sheria ya madini ya 2017 na kufutwa kwa leseni hodhi, kampuni ya Indiana Resources ilifungua shauri ICSID kuhusu nikeli ya Ntaka Hill kwa fedha za Litigation Capital Management. Tuzo ya Julai 2023 ilikuwa dola milioni 109.5, na mwaka 2024 pande zikakubaliana milioni 90. Fedha hizo ni za wananchi, nao wana haki ya kujua sehemu ya mfadhili ni ipi.

Afrika Kusini iliukubali ufadhili kwa hukumu ya 2004, na Nigeria iliuruhusu katika usuluhishi kwa sheria ya 2023. Nchini Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza wakili kununua maslahi ya mteja katika kesi au kukubali malipo ya ushindi tu. Katazo hilo linamlinda mteja dhidi ya wakili wake mwenyewe. Hata hivyo, mfanyabiashara mdogo asiye na fedha za kupambana na kampuni kubwa bado anahitaji kanuni zitakazomruhusu akubali msaada bila kuuza sauti yake.