Neno "Ramani" na Visima vya Dar es Salaam

Neno "ramani" halikuzaliwa ofisini. Lilitufikia kwa njia ya bahari. Waajemi walikuwa na rahnama, yaani kitabu cha kuonyesha njia; mabaharia wa Kiarabu wakakiita rahmani, nacho kilimweleza nahodha habari za nyota, bandari na dalili za pwani. Basi ramani hiyo ya kale ilikuwa maneno zaidi kuliko mchoro, na jambo hili twaliona kuwa kubwa kuliko linavyodhaniwa.

Chukueni Mnazi Mmoja. Uwanja ule haukubaki wazi kwa bahati tu. Wajerumani waliukusudia kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza wakautimiza baadaye, uwe mpaka kati ya mitaa ya Wazungu na Waasia upande wa bahari na mji wa Waafrika, Kariakoo, upande wa bara. Mchoro ulitangulia, watu wakapangwa kuufuata. Wakazi hawakuulizwa neno.

Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015, ilikwenda kinyume cha hayo. Wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi walipita mtaa kwa mtaa wakiandika mitaro, njia na mahali panapofurika. Jina lenyewe limeundwa vizuri, nasi twalisifu.

Lakini mafuriko ni nusu tu ya shida ya maji. Ukame wa mwaka 1997 uliwafanya wakazi wengi wa jiji wachimbe visima. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto Ruvu ulipungua tena, maji yakatolewa kwa mgao, na visima vya Kigamboni vikategemewa. Hapo ramani ya visima yahitajika sana, na hapo ndipo istilahi zetu zinapopwaya. "Kisima" ni shimo la mita chache lililochimbwa kwa sururu. "Kisima" pia ni tundu lililotobolewa kwa mtambo hadi mamia ya mita. Wataalamu hutenga kisima kifupi na kisima kirefu, nao wafanya vema, ila urefu hautuambii ladha. Pwani, maji yakivutwa kupita kiasi ambacho mvua hurudisha, bahari hupenya chini ya ardhi, na aliyeelekezwa na ramani huenda akarudi na ndoo ya chumvi.

Vitabu husema "maji baridi" kwa maji yasiyo na chumvi. Istilahi hiyo twaikubali kwa samaki, lakini kwenye ramani ya wananchi yaweza kueleweka kuwa maji yaliyotoka kwenye jokofu! Sisi twapendelea "maji matamu". Ama kisima kilichokuwa kitamu kisha kikaingiwa na bahari, hicho bado twakieleza kwa sentensi nzima, na alama ya ramani haina nafasi ya sentensi. Wasomaji wa Kigamboni, Bagamoyo na Unguja twawaomba watuandikie visima vya namna hiyo huitwaje kwao.